Sura kamili ya mbwa teria ni ipi?

Hapa Malindi, anayejua kununua samaki huanzia kichwani: jicho kwanza, kisha anafunua matamvua. Waamuzi wa mashindano ya mbwa nao hukitazama kichwa kwa makini sana, wakifuata kiwango cha mbegu, yaani maandishi yanayoeleza mbwa wa mbegu fulani awe vipi, tangu pua hadi mkia.

Mfano ni Jack Russell, teria mdogo, kambwa ka kimo cha sentimita 25 hadi 30. Nilimtunza mmoja miaka kadhaa kwenye nyumba moja ya Casuarina. Neno teria asili yake ni terra, ardhi kwa Kilatini, na kasisi John Russell wa Devon, Uingereza, aliyezaliwa 1795, alitaka mbwa wa kumfuata mbweha hadi shimoni. Ukilikumbuka shimo hilo, uso wote unaeleweka.

Macho yawe madogo, meusi, ya umbo la lozi, na kope ziyabane. Jicho lililotokeza huumizwa na udongo. Kusi ilipovuma tukiwa ufukweni, nilikuwa nikifikicha yangu huku yeye akichimba mchanga bila shida. Masikio yakunjike, ncha zifunike tundu. Meno ya juu yapite mbele ya ya chini yakigusana, kama makali ya mkasi. Pua na midomo iwe myeusi. Kati ya macho pawe na mbonyeo wa wastani, na kutoka hapo hadi puani pawe pafupi kidogo kuliko kutoka hapo hadi kisogoni.

Neno gumu ni mtazamo. Kiwango kinataka mtazamo mkali, wa mbwa aliye macho, na huo haupimwi kwa rula. Unatokana na jicho dogo jeusi, masikio yanayofuata kila sauti na kichwa kilichonyooka, vyote kwa pamoja. Kikikosekana kimoja, mbwa huonekana mpole au mzito, hata vipimo vyake vikiwa sawa.

Wala sura hii si ya teria wote. Mbegu ya Border Terrier hutakiwa kichwa kama cha fisi maji, na ya Bull Terrier kichwa cha umbo la yai kisicho na mbonyeo kabisa.

Wengi wanaoniuliza kuhusu watoto wa mbwa hupenda wenye macho makubwa ya mviringo, kwa kuwa yanatia huruma. Kwa Jack Russell, macho hayo ni kasoro.