Kioo cha OLED ni nini, na kwa nini kimechelewa kufika kwenye monita

Mpiga picha mmoja wa harusi huja dukani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, kusafisha picha. Kila akija huweka simu yake kando ya monita yangu na kuuliza lile lile: kwa nini baibui za kina mama kwenye simu ni nyeusi tititi, na kwenye monita, picha hiyo hiyo, zimepauka kama zilizofuliwa mara mia? Monita si mbovu. Vioo ndivyo tofauti. Simu yake ina kioo cha OLED, ambacho wauza simu hukiita amoledi. Monita yangu ni ya LCD.

LCD haina mwanga wake. Nyuma ya kioo kuna taa inayowaka muda wote, na mbele yake vilango vidogo mno vya kuupitisha mwanga au kuuzuia. Ukitaka weusi, vilango hufungwa, lakini mwanga haukosi upenyo, kama taa ya chumbani inavyochungulia chini ya mlango.

OLED haina taa ya nyuma. Kila nukta ya picha ni koroboi inayojitegemea: tabaka jembamba la kemikali zenye kaboni, linalong'aa likipitiwa na umeme. Panapotakiwa weusi, koroboi huzimwa, basi. Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak walieleza kazi hiyo mwaka 1987. Sony ilitoa televisheni ya inchi 11 mwaka 2007, na mwaka 2010 kioo hiki kilikuwemo kwenye simu ya Samsung Galaxy S. Monita za mezani zikabaki nyuma. Dell ilitangaza ya inchi 30 mwaka 2016 kwa dola 4,999, na mwaka 2022 ikaja Alienware ya inchi 34 kwa dola 1,299.

Wengi husema ni bei. Ni kweli, ila bei si kiini. Kiini ni kwamba koroboi hii utambi wake huliwa, na hakuna wa kuubadilisha. Kemikali zile huchoka kadiri zinavyowaka, na za buluu huchoka mapema kuliko nyekundu na kijani, kwa kuwa mwanga wa buluu hubeba nishati nyingi zaidi. Nukta zote zingechoka sawasawa, jicho lisingegundua upesi. Balaa ni pale zinapopishana.

Tazama kazi ya monita yangu. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ule mstari wa chini wenye saa na alama za programu hausogei. Juu kuna menyu ya Word, katikati karatasi nyeupe ya barua ya mtu anayeomba kazi. Siku 6 kwa wiki. Kioo cha OLED kikifanyiwa hivyo miaka, mstari ule huacha kivuli chake hata ukifungua picha nyingine, kama ukuta uliokaa na kalenda muda mrefu: ukiitungua, mraba wake umebaki. Simu hukwepa haya. Huwashwa dakika chache, picha hubadilika, hurudi mfukoni, na wengi wetu huiuza au kuivunja kabla koroboi hazijachoka.

Weupe wenyewe nao ni mzigo. Ukurasa mweupe ni koroboi zote kuwaka kwa pamoja. Joto hupanda, na kioo hujipunguzia mwanga chenyewe. Kwa mtazama filamu si neno. Kwa mtu wa kuchapa barua ni kero ya kutwa.

Wala monita si televisheni iliyokatwa ikawa ndogo. Televisheni ya 4K, yaani yenye nukta kama milioni nane kioo kizima, ikiwa ya inchi 55 ina nukta kama 80 kwa kila inchi. Monita ya 4K ya inchi 27 ina kama 163. Nukta ikiwa ndogo, hulazimika kuwaka kwa nguvu zaidi ili kutoa mwangaza ule ule, na utambi huliwa upesi zaidi.

Mafundi wamebuni kinga. Picha husogezwa nukta chache pasipo kuonekana, alama zisizohama hufifishwa, na monita ikizimwa hujipima na kusawazisha nukta zake kwa dakika kadhaa. Hii ya mwisho hutaka umeme ubaki umeunganishwa. Sisi jioni tukifunga duka tunazima swichi ya ukutani, maana umeme ukikatika usiku hurudi kwa kishindo. Monita ya OLED mezani kwangu ingekosa matengenezo yake kila siku.

Kwa hiyo nimemshauri mpiga picha anunue yeye. Yeye hufungua picha saa mbili tatu, huzipitisha moja baada ya nyingine, kisha huzima. Mimi nabaki na LCD yangu, na picha za usiku tunakagua mikunjo ya baibui kwenye simu yake kwanza, ndipo nazisafisha.