Kidonda kisichofunga

Mtu akiniambia ana kidonda usoni au mguuni, swali langu la kwanza ni hili: kina muda gani? Kidonda cha kawaida hufunga ndani ya wiki mbili tatu. Kikifika wiki nne bado kinaweka kigaga, kigaga kinabanduka, damu inarudi palepale, basi si cha kupakwa GV wala kunyunyiziwa unga wa kapsuli za rangi mbili. Ni cha kukatwa kipande kidogo cha nyama, yaani kinyama, kikapimwe kama ni saratani.

Kwa watu wenye ualbino, hasa huku karibu na ikweta, saratani ya ngozi inayotusumbua zaidi ni ya seli bapa za tabaka la juu. Haizuki usiku mmoja. Inatanguliwa na vidoa vikavu kwenye ncha za masikio, paji, mdomo wa chini na migongo ya mikono. Kwa jicho la haraka huvioni, kwa hiyo vipapase. Pitisha ncha za vidole taratibu, bila kukandamiza, kutoka kwenye nywele hadi shingoni: ngozi laini, laini, halafu ghafla mkwaruzo wa msasa. Hapo ndipo. Kidoa kikiwa na kiini kigumu chini yake, kikiuma ukikibana, au kikiota kama pembe, tayari kinatiliwa shaka ya saratani.

Wenye ngozi nyeusi nao wasijione wamepona. Kwetu sisi saratani hupenda kujificha pasipopigwa na jua: kwenye kovu la zamani la moto, kwenye donda ndugu la miaka mingi, kwenye wayo, chini ya ukucha. Melanoma, saratani ya seli zinazotoa rangi ya ngozi, iliyomuua mwanamuziki Bob Marley mwaka 1981 ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida kwa watu weusi. Wasiwasi ni mstari ulio kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, na weusi wake ukimwagikia ngozi ya kando.

Kukata kinyama cha kupima ni kazi ndogo, ila huharibiwa sana. Baada ya ganzi, kisu cha duara cha milimita 4 kinatosha. Kata ukingoni, pale ngozi nzima inapokutana na ugonjwa. Ukichukua katikati ya donda, maabara itakujibu usaha na seli zilizokufa, na mgonjwa atarudi nyumbani akidhani yu salama. Kinyama kiingie moja kwa moja kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kisioze, ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kinyama chenyewe. Kwenye maji ya chumvi kitaoza njiani. Melanoma usiikwangue kamwe, maana kina chake ndicho kinachoamua upasuaji: chini ya milimita 1, tunakata sentimita 1 pembeni, zaidi ya milimita 2, sentimita 2. Na kabla mgonjwa hajavaa viatu, papasa mitoki yake.

Vidoa vya msasa hugandishwa kwa naitrojeni iliyo kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa sekunde chache tu. Vikiwa vingi, krimu ya fluorourasili ya asilimia 5 hupakwa mara mbili kwa siku, wiki mbili hadi nne. Hapa wengi hukata tamaa: kufikia wiki ya pili uso unakuwa mwekundu, unachubuka, unauma, wanaacha wakidhani dawa imewaunguza. Wekundu huo ndio dawa ikifanya kazi. Saratani yenyewe hukatwa pamoja na milimita 4 hadi 6 za ngozi nzima kuizunguka. Ikiwa kubwa au imeingia kwenye tezi, mionzi hufuata, na Dar es Salaam hiyo ni kazi ya Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Mafuta ya kukinga jua, kama Kilisun inayotengenezwa Moshi, hayafanyi kitu yakipakwa kama manukato. Uso na shingo vinahitaji kijiko cha chai kizima, nusu saa kabla ya kutoka, kisha tena kila baada ya saa mbili. Kofia iwe na ukingo kuzunguka kote. Kapelo huacha masikio nje. Sehemu inayosahaulika mara nyingi wakati wa kupaka ni nyuma ya masikio.