Inzi wa ndizi, protini na uzee: maswali na majibu

Huyu inzi wa maabara ni yupi?

Ni yule mdogo mwenye macho mekundu anayezungukazunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kitaalamu ni Drosophila melanogaster. Kwenye nyuzijoto 25, yai huwa inzi kamili kwa siku 10 hivi, na aliyetunzwa vizuri hufa akiwa na miezi miwili au mitatu. Mtafiti anaona uzee mzima kabla mwaka haujaisha.

Ni kweli akila kidogo anaishi zaidi?

Kweli, ila inategemea kilichopunguzwa. Maabara humlisha sukari na hamira, na hamira ndiyo inayompa protini. Mwaka 2005 watafiti wa London walionyesha kwamba kupunguza hamira kunarefusha maisha kuliko kupunguza sukari, hata kalori zikiwa sawa. Kumbe njaa peke yake haitoshi kueleza jambo hili.

Basi protini ni sumu?

Hapana. Mwaka 2009, London hukohuko, inzi waliopunguziwa chakula walirudishiwa amino asidi, yaani vipande vinavyojenga protini. Walipopewa zote zile ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, walitaga sana lakini wakafa mapema. Walipopewa methionini tu, mojawapo ya hizo, mayai yaliongezeka na umri haukupungua! Jaribio hili nalipenda, maana tulizoea kuamini kwamba uzazi lazima ule umri. Tatizo liko kwenye uwiano wa hizo amino asidi.

Ndani ya seli kunatokea nini?

Kuna protini iitwayo TOR, mfano wa msimamizi wa ujenzi. Amino asidi zikifika kwa wingi, anaamuru kazi iendelee: seli zikue, mayai yatengenezwe. Zikipungua anasimamisha ujenzi, na seli inaanza kufagia, ikivunja vipuri vyake vilivyochakaa na kuvitumia upya. Rapamaisini, dawa inayomzuia msimamizi huyo, iliwarefushia inzi maisha katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2010. Tena si TOR pekee. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walipunguza kazi ya vimeng'enya vinavyovunja tairosini, amino asidi nyingine, na inzi wakaishi zaidi.

Niache mayai na dagaa?

Usiache. Wewe si inzi wa chupani. Ugali una kidogo lisini, nayo ni amino asidi; maharage yana lisini ya kutosha lakini methionini yake ni haba, kwa hiyo vikikaa sahani moja vinajaziana. Mtoto akikosa protini anaweza kupata unyafuzi, na mzee misuli humwisha, akiteleza bafuni ni balaa. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye anayeweza kuhitaji kupunguza, naye apimiwe kiasi chake na daktari au mtaalamu wa lishe.