Fukusi wa maharage hana jani analokula, lakini ni mbawakawa wa majani

Mkulima akikuta matundu kwenye majani ya maharage anamlaumu mdudu mmoja, akikuta matundu kwenye maharage yenyewe stoo anamlaumu mwingine kabisa, na mimi ambaye kazi yangu ni wadudu namwambia hao wote ni wa familia moja, Chrysomelidae, yaani mbawakawa wa majani. Hiyo familia ina spishi zaidi ya 35,000 zinazojulikana, kubwa mno!

Yule wa shambani hapa Uganda mara nyingi ni Ootheca. Mdudu aliyekomaa anatoboa majani, funza wake yuko chini kwenye udongo anakula mizizi. Wa stoo ni wawili, Acanthoscelides obtectus na Zabrotes subfasciatus, asili yao Amerika kama maharage yenyewe. Watu wanawaita fukusi, sawa, lakini waangalie usoni: fukusi wa kweli ana mdomo mrefu kama mkonga, hawa hawana. Zamani walipewa familia yao, Bruchidae, halafu wataalamu wakachunguza maumbile na DNA wakaona wamechipuka humohumo ndani ya mbawakawa wa majani, karibu na kundi lao moja liitwalo Sagra, wale wenye mapaja manene ya nyuma, basi sasa ni nusufamilia tu, Bruchinae.

Yaani chakula hakiamui ukoo. Kuna Epilachna, huyu anakula majani ya maboga hadi yanabaki nyavu, na bado si wa familia hii, ni wa kina kobe-madoa, wale mbawakawa wadogo wa mviringo wenye madoa, ambao wengi wao wanakula vidukari. Ukiwa na lenzi hesabu pingili za mguu pale chini: mbawakawa wa majani anaonekana ana nne, ya tano ipo ila ni ndogo imejificha, wakati Epilachna anaonekana ana tatu.

Kwa mwenye maharage stoo kujua spishi ni muhimu sana jamani. Zabrotes anagandisha yai juu ya punje na mtoto anatoboa hapohapo chini yake, ila Acanthoscelides anamwaga mayai ovyo kati ya punje, kwa hiyo mtoto wake lazima atambae atafute pa kujibana ndipo atoboe, na hiyo kazi inamchukua muda. Ukiwa na huyu wa pili, geuza gunia au debe asubuhi na jioni, usilijaze mpaka juu ili punje zibiringike, mtoto anapoteza tundu alilolianza na wengi wanakufa kabla hawajaingia. Kwa Zabrotes usitegemee hiyo, huyo anika maharage juani vizuri uyafunge pasipoingia hewa.