Je, wajua? Kwenye bara la kubuni, jangwa linakaa wapi?

Mtu anayechora ramani ya bara lisilokuwepo, kwa ajili ya riwaya au mchezo wa kompyuta, mara nyingi huanza na mstari wa ikweta, kisha hutandaza jangwa juu yake. Hoja yake ni nyepesi: ikweta ndiko kwenye jua kali, jua kali hukausha, basi ikweta ndiko kukavu. Misitu huisogeza mbali, kwenye ubaridi kidogo, ambako maji hayapotei upesi.

Kwenye sayari inayofanana na yetu, mambo huenda kinyume kabisa. Kisangani, mji wa Kongo usiofika hata nyuzi 1 kutoka ikweta, hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na msitu umeuzunguka. Cairo, karibu nyuzi 30 kaskazini, hupata kama milimita 25. Hata joto lenyewe haliko tunakodhani. Rekodi rasmi ya joto la hewa duniani, nyuzijoto 56.7, ilipimwa mwaka 1913 huko Death Valley, Marekani, kwenye latitudo ya nyuzi 36 kaskazini. Wako wataalamu wanaotilia shaka kipimo hicho, lakini rekodi zinazoikaribia nazo zinatoka mbali na ikweta. Ikweta ina mawingu na mvua, na vyote viwili hupunguza makali ya jua.

Kosa la pili limo ndani ya hilo la kwanza, nalo ni kudhani kwamba jangwa maana yake ni joto. Jangwa hupimwa kwa uhaba wa mvua na theluji. Kwa kipimo hicho jangwa kubwa kuliko yote ni Antaktika, yenye kilomita za mraba milioni 14 hivi; Sahara ndiyo kubwa kuliko yote kati ya majangwa ya joto. Anayebuni nchi ya barafu ana haki kamili ya kuiita jangwa.

Sasa, kwa nini nyuzi 30? Jua la ikweta hupasha bahari na nchi kavu, na hewa yenye mvuke hupaa. Ikipaa hupanuka na kupoa, mvuke hugeuka mawingu, na mvua humwagika palepale. Hewa iliyokwisha kuacha maji yake husukumwa kaskazini na kusini ikiwa juu sana, kisha hushuka kwenye latitudo za nyuzi 30 hivi. Kule kushuka ndiko kunakoleta ukame.

Aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua kwamba bomba la pampu hupata moto upande wa chini. Msuguano unachangia, lakini joto lile hutoka hasa kwenye hewa iliyobanwa. Hewa inayoshuka kutoka juu hupatwa na jambo hilohilo. Kadiri inavyoshuka, ndivyo uzito wa hewa iliyo juu yake unavyoibana, nayo huongezeka joto takriban nyuzijoto 10 kwa kila kilomita, bila jua kuiongezea chochote. Na hewa ikipata joto, uwezo wake wa kubeba mvuke hukua, kwa hiyo unyevu mdogo uliobaki ndani yake hautoshi kufanya wingu. Hata wingu likianza kujiunda, huyeyuka. Sahara, sehemu kubwa ya Uarabuni, Kalahari na katikati ya Australia ziko chini ya hewa ya namna hiyo.

Milima hufanya kazi kwa kanuni ileile, kwa eneo dogo. Upepo kutoka baharini ukigonga mlima hupanda, hupoa na kunyesha. Ukivuka na kushuka upande wa pili hubanwa na kukauka. Ndiyo sababu Usambara ina misitu minene huko Amani, upande unaotazama bahari, na nyuma ya milima ya Usambara na Upare kuna nyika kavu ya Mkomazi. Kilimanjaro nako, migomba na kahawa zimejaa miteremko ya kusini, na Amboseli upande wa kaskazini ni vumbi. Kwa hiyo mchoraji hana budi kuamua upepo unatoka wapi kabla ya kupaka rangi ya kijani hata upande mmoja wa mlima.

Jambo linalonivutia kuliko yote ni kwamba namba 30 yenyewe si amri. Mwaka 1735 George Hadley, mwanasheria wa London, alieleza mzunguko huu wa hewa akidhani unafika hadi kwenye ncha za dunia. Haufiki, kwa sababu dunia inajizungusha kwa kasi. Ardhi ya ikweta huenda mashariki kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na ile ya nyuzi 30 kwa kama 1,450. Hewa inayoondoka ikweta huenda mashariki kwa kasi kuliko ardhi inayoifikia, hivyo huzidi kupinda kuelekea mashariki hadi safari ya kwenda kwenye ncha hukatika. Sayari ya Zuhura hujizungusha polepole mno, mara moja kwa siku 243 za dunia, na mzunguko wa hewa yake hufika karibu nyuzi 60. Maana yake, ukiamua kwamba kwenye ulimwengu wako siku ni ndefu, majangwa yanaweza kusogea hadi kwenye latitudo ambazo kwetu ni za Ulaya.

Vighairi vipo. Shanghai iko nyuzi 31 kaskazini, lakini pepo za msimu kutoka baharini huipa zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Arica, Chile, kwenye pwani yenye mkondo wa maji baridi, ina wastani usiofika milimita 1. Na Lodwar, Turkana, iko nyuzi 3 tu kutoka ikweta lakini hupata kama milimita 200. Kama sababu za ukame huo, hutajwa pepo zinazopita sambamba na pwani ya Somalia, maji baridi ya pwani hiyo wakati wa kusi, na upepo unaopenya kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya bila kulazimika kupanda. Uzito wa kila sababu bado unajadiliwa.

Mchoraji akifika kwenye rasilimali, ataona kwamba nyingine hazijali mvua. Shaba ya Andes, kwa mfano, ilitokana na bamba la bahari, yaani kipande cha ganda la dunia kilicho chini ya bahari, kuzama chini ya bara. Chumvi ndiyo hufuata ukame. Ziwa Magadi halina mto unaotoka, maji yake huvukizwa na jua, na magadi huchimbwa huko kwa zaidi ya miaka 100. Naitreti (aina ya chumvi) ya Atacama, jangwa la kaskazini mwa Chile, ingekuwa imekwisha kuoshwa zamani kama mvua ingenyesha. Chile, Peru na Bolivia zilipigana juu ya nchi hiyo kuanzia mwaka 1879. Ufalme wa jangwani, basi, utauza chumvi na kutafuta maji, na mto wake lazima uanzie kwenye mvua za nchi nyingine, kama Misri inavyopata sehemu kubwa ya maji ya Nile kutoka nyanda za juu za Ethiopia.