Kwa nini tundu la msumari huogopwa kuliko goti lililochubuka?

Mtoto akianguka na baiskeli akachubuka goti zima, tunaliosha, tunambembeleza, yanaisha. Akikanyaga msumari ukamwachia kitundu kisichotoa hata damu ya maana, muuguzi huuliza papo hapo kama ameshachanjwa pepopunda.

Tofauti iko kwenye hewa. Bakteria wa pepopunda, Clostridium tetani, hawawezi kukua penye oksijeni. Kwao ni sumu. Kitasato Shibasaburo, mtafiti wa Kijapani aliyekuwa Berlin, alipofanikiwa kuwaotesha peke yao mwaka 1889, aliwaweka kwenye gesi ya haidrojeni badala ya hewa. Udongoni na kwenye samadi huishi kama spora, mfano wa mbegu yenye ganda gumu, wakisubiri hata miaka. Kuchemsha maji hakutoshi kuziua spora hizo. Hospitali hutumia mvuke wa mgandamizo wenye joto la nyuzi 121 za Selsiasi.

Goti lililochubuka liko wazi, hewa inalipiga na damu inapita. Tundu la msumari ni refu na jembamba. Ngozi hujifunga juu upesi, chini hubaki nyama iliyokufa isiyofikiwa na damu, na bakteria wengine walioingia pamoja humaliza oksijeni kidogo iliyobaki. Hapo spora huamka. Kutu tuliyofundishwa kuiogopa haina kosa: msumari mpya uliolala zizini ni hatari vilevile.

Bakteria wenyewe hubaki kidondani. Sumu yao ndiyo husafiri, ikipanda na neva hadi uti wa mgongo, na huko huzuia ishara zinazoiambia misuli ilegee. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku 3 na 21, pengine kidonda kimeshasahaulika. Taya hukaza, kisha shingo, kisha mgongo hupinda kama upinde, na mgonjwa ana fahamu zake zote.

Kinachoniuma zaidi ni kitovu cha mtoto mchanga kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa samadi. Ndiyo maana mjamzito huchomwa sindano ya pepopunda kliniki: kinga yake hupita kwenye kondo la nyuma na kumlinda mtoto wiki zake za mwanzo. Hata aliyeugua akapona lazima achanjwe, kwa sababu sumu inayotosha kuua ni kidogo mno kuufundisha mwili kujikinga.