Kabla ya kufunga jukwaa la haidroliki, gonga tezi

Simu hizi huanza namna moja. "Fundi, hilo jukwaa la kushuka majini linabeba kilo ngapi?" Safari hii alikuwa dada mmoja wa Mbweni, kanunua boti ya faiba ya mita 13, injini mbili za dizeli, si mpya lakini inapendeza. Anataka Bi Mkubwa wake aingie baharini tena. Magoti hayamtii, na ngazi ya stenlesi iliyopo nyuma ya boti imetengenezwa kwa vijana wenye haraka.

Nikamwambia, "Dada, kilo si tatizo." Jeki moja yenye pistoni ya milimita 50, ukiisukumia oili kwa presha ya baa 100, inatoa nguvu ya karibu tani 2. Na jeki huwa mbili. Zingemnyanyua Bi Mkubwa pamoja na ng'ombe wa Idi. Mimi ninachouliza ni kwamba hizo jeki na mikono yake zinashikiliwa na nini.

Mtambo wenyewe hauna maajabu. Ndani ya boti kuna mota ya umeme, pampu, tangi dogo la oili na valvu zinazofunguka ukibonyeza kitufe. Nje kuna mikono minne, miwili kila upande, ya juu na ya chini ikiwa na urefu mmoja. Ndiyo maana jukwaa linashuka likiwa limelala sawa bila kuinama, kama sahani za ule mzani wa dukani: zinapanda na kushuka, unga haumwagiki. Jeki zinasukuma mikono, jukwaa linazama sentimita 60 hivi chini ya maji, mtu anakaa, anaelea, basi.

Kazi iko kwenye tezi. Nikisema tezi vijana wanafikiria hospitali na maradhi ya wanaume watu wazima. Tezi ya chombo ni nyuma, omo ni mbele, na boti za faiba nyuma zina ukuta uliosimama wima. Wengi wanaamini ukuta ule ni faiba tupu. Mara nyingi ni plaiwudi iliyovikwa faiba nje na ndani, na plaiwudi hiyo kwa miaka imetobolewa kwa ajili ya ngazi, taa, bomba la ekzosi, bendera. Kila tundu lililozibwa kwa pupa ni mlango wa maji. Wazee walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, kule chini kabisa tumboni mwa chombo. Maji ya ukuta huo nayo marejeo yao ni hayo hayo, ila njiani hulala ndani ya mbao na kuziozesha.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bei nachukua nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki, nagonga ukuta mzima kila baada ya kiganja. Penye uzima sauti ni kavu, ta, ta. Penye ubovu inakuja bu, kama unagonga dafu. Kisha natoboa kwa ndani tundu la milimita 5 pale chini kabisa, naangalia kinachotoka na keke. Vumbi jeupe au la manjano, tunaendelea. Uchafu wa kahawia uliolowa, nauweka puani. Ukinuka kama makumbi yaliyofukuliwa pwani, nafunga sanduku langu, na mwenye boti tunakaa tuzungumze mengine.

Piga hesabu nami. Jukwaa la alumini nililofunga mwisho lilikuwa kilo 260 na mikono na jeki zake. Waweke juu yake watu wazima wanne, unafika kilo 540. Uzito huo uko kama sentimita 70 nje ya ukuta, na bolti za juu na za chini zimeachana sentimita 35. Maana yake bolti za juu zinavutwa nje kwa nguvu ya zaidi ya tani moja, boti ikiwa imetulia kama sinia. Sasa nenda Pemba wakati wa kusi, ushapita Nungwi, ile ncha ya kaskazini ya Unguja, mawimbi yanakufuata nyuma na yanalipiga jukwaa kwa chini. Ndiyo sababu silipendi jukwaa lenye sakafu iliyozibwa. Sakafu iwe ya vibao vyenye nafasi, maji yapenye.

Bolti ziwe za stenlesi 316, si 304 inayouzwa kama ndugu yake. Ndani ya ukuta kuwe na bamba pana la kugawa nguvu, maana washa ya bolti peke yake itazama kwenye faiba kama kidole kwenye boflo. Tundu nalitoboa kubwa kuliko bolti, najaza epoksi, ikikauka natoboa upya katikati yake. Hapo hata sika, ile gundi ya kuzibia maji, ikichoka, maji yanakutana na epoksi na mbao hayazioni. Kazi ya bolti za chini tunaifanya ufukweni: tunaingiza boti kwa maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, yakipwa inasimama kwenye magadi, yaani miti ya kuiegemeza, tunafanya kazi tukiangalia saa. Alumini na stenlesi zikikutana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, kwa hiyo natenganisha kwa plastiki na kuweka vipande vya zinki viliwe badala yake. Umeme sitaurefusha: mota ya kilowati 2 kwenye volti 12 inakula ampea 167 hivi, kwenye 24 nusu yake. Waya uwe mnene na fyuzi ikae karibu na betri.

Halafu kuna uzito. Hili watu hawalipendi kwa sababu halionekani dukani. Kilo 260 zikining'inia nyuma kabisa zinaikalisha boti matako, omo inapanda, injini zinakula mafuta zaidi na nahodha haoni mbele. Mimi huwaambia wajaribu kabla ya kununua. Chukua madumu 15 ya lita 20 yaliyojaa maji, yapange tezini, karibu na ukuta iwezekanavyo. Yanazidi kidogo uzito wa jukwaa kwa makusudi, kwa kuwa yako ndani na jukwaa litakuwa nje. Bandika tepu kwenye mstari wa maji kabla na baada. Kisha nenda mpaka kisiwa cha Changuu na kurudi. Ukiona mdomo wa ekzosi umezama, au maji yanarudi sitahani kwa matundu ya kutolea maji, umeshapata jibu kwa bei ya madumu.

Ekzosi yenyewe nayo iangaliwe. Jukwaa likifunika mdomo wake, moshi unajikusanya pale pale watu wanapokaa, na ndani ya moshi kuna kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Jenereta nalo linahesabiwa, si injini kubwa tu. Kwangu mimi hakuna mtu anayekanyaga jukwaa injini ikinguruma, na nafunga swichi inayozuia jukwaa kushuka hadi injini zizimwe. Rafadha, yale mapanga yanayosukuma boti, ziko hapo hapo chini ya miguu.

Sasa niseme langu. Miaka kadhaa nyuma nilimaliza boti moja, tukaenda kuijaribu kwenye fungu la mchanga la Nakupenda. Nanga omo, tezi tukaielekeza mchangani, jukwaa tukalishusha, watu wakashuka taratibu bila kuruka. Kila mtu ananisifu. Ilikuwa bamvua na maji yanapwa, na mimi niliyezaliwa na maji haya nilikaa nakula embe.

Hapa kwetu bamvua huchukua karibu mita 4 kutoka kujaa hadi kupwa, kwa saa 6 hivi. Hayapungui sawasawa: saa ya kwanza kidogo, ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia, robo nzima kila saa. Yaani mita moja kwa saa, sentimita 33 kwa dakika 20. Chini ya jukwaa langu kulikuwa na sentimita 30 tu. Embe moja.

Jukwaa likagusa mchanga. Jeki zile zilikuwa za kusukuma pande zote mbili na valvu imeifungia oili huku na huku, kwa hiyo hakuna kilichoweza kurudi. Ikapita boti kubwa kwa mbali, mawimbi yake yakafika, tezi ikanyanyuka ikaanguka juu ya jukwaa. Mara ya pili nikasikia ta! Mkono wa kushoto umepinda na ufa umetambaa kwenye faiba kutoka bolti ya juu. Nililipa mwenyewe. Tangu hapo, pembeni ya kitufe nabandika kibao: jukwaa halishushwi pasipofika mita moja na nusu, na likishushwa mtu mmoja anabaki amelisimamia.

Matunzo ni madogo ila ni ya kila siku. Jukwaa likae juu, fimbo za jeki zikae ndani. Ukiziacha nje kwenye maji haya ya vuguvugu, baada ya wiki chache zinaota vijigamba vikali, na siku ukizirudisha vinachana sili. Sili ikichanika, maji yanaingia na oili inageuka rangi ya maziwa. Suuza kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, na fimbo usizipake rangi ya chini ya boti hata ukibembelezwa.

Yule dada wa Mbweni alipanga madumu. Tezi ilizama sentimita 6, ekzosi ikabaki nje kwa kidole kimoja. Tukahamisha betri nne na tangi la maji kupeleka mbele, tukachagua jukwaa fupi zaidi, ukuta ukagongwa ukaitika vizuri, nikafunga.

Siku ya kwanza tulikuwa kisiwani Bawe, maji mafu yasiyojaa wala kupwa sana, bahari imelala. Bi Mkubwa alikataa kukaa kwenye vibao. Akaletewa kiti cha plastiki, akakaa na kanga zake mbili kama yuko barazani. Nikabonyeza. Maji yalipofika kwenye vifundo vya miguu akanyoosha mkono. "Basi, mwanangu, hapa hapa." Tukasimama hapo karibu saa nzima. Kile kiti sasa nimekitilia kamba, kwa sababu siku ya pili kilielea na kwenda zake.